Mkata Mstari Hachagui

Habari kwamba wapimaji wa serikali wanakuja zilimkuta Yaa Birago kijitoni, amepiga magoti, anafua. Alisimama kwa ghafla, kitenge kikamponyoka na kwenda na maji. Alikikimbiza huku akicheka, akakikuta kimenasa kwenye mzizi chini kabisa ya bonde, akarudi amelowa mpaka kifuani. Jambo la kwanza alilomwuliza shoga yake Serwah, aliyeleta habari hizo kutoka sokoni, ni kama serikali ingeandika jina lake lote au nusu.

Serwah alimjibu kwamba wakitaka waandike hata na la kuku wake, hilo halina shida. Shida ni mzee Nkuah atachagua upande gani.

Hapo Birago aliacha kucheka, lakini si kwa muda mrefu. Alikamua kitenge, akakitupa begani, na kabla hawajafika kibandani alikuwa tayari ana mpango.

Birago hakuwa mzaliwa wa pale, katika nchi ya Wasefwi. Alitoka kwao Mampong akiwa bado msichana, yeye na mumewe Badu, na mizigo yao ilikuwa sufuria, mapanga mawili na kuku aliyefungwa miguu. Mwenye ardhi, mzee Nkuah, aliyeitwa Nana kwa heshima na ambaye wakati huo alikuwa bado na meno yake yote, aliwaonyesha kipande cha msitu kinachoanzia kijitoni na kupanda mpaka kwenye mwamba ulioko kileleni. Akawapa kwa masharti ya kule: ninyi kateni msitu, pandeni kakao, itunzeni, siku ikikomaa tutagawana nusu kwa nusu. Si mavuno peke yake yatakayogawanywa, bali shamba lenyewe, miti na udongo wake.

Badu alikufa kwa homa miche ikiwa bado inamfika mkewe kiunoni. Watu walimshauri Birago arudi kwao. Aliwajibu kwamba kuku haachi mayai kwa sababu jogoo amekufa, akachukua panga la marehemu, akalitia makali, akaendelea kupalilia. Sasa miti ilikuwa imeshikana matawi juu kama paa, na matunda yake yalining'inia mashinani, ya njano na mekundu, kama taa za harusi. Ofisi ya ardhi ya wilaya nayo ilikuwa imeanza kupima mashamba ya namna hiyo na kusimika nguzo za zege mipakani, ili watoto wa aliyepanda na watoto wa mwenye ardhi wasije wakakatana mapanga kwa ajili ya mti mmoja.

Serikali ilipima, lakini kugawa kulibaki kwa desturi, na desturi yenyewe ilikuwa fupi: mkata mstari hachagui, na mchaguaji hakati mstari. Aliyepanda, kwa kuwa anaujua kila mti, ndiye anayeonyesha mstari upite wapi. Mwenye ardhi ndiye anayetangulia kuchagua upande. Kwa hiyo aliyepanda hawezi kujipendelea, maana akijikatia kipande kizuri, mwenzake atakichukua mbele ya macho yake.

Na Birago alikuwa na kipande alichokitaka kama mtoto anavyotaka ziwa la mama. Alilitaka bonde. Kibanda kilikuwa bondeni, kile alichokijenga Badu kwa udongo wa kijito, na alama za vidole vyake zilionekana bado ukutani karibu na mlango. Jiko lilikuwa huko, na vitanda vya mianzi vya kuanikia kakao, na miti ya mwanzo kabisa, ile waliyoipanda wawili. Mlima haukuwa mbaya. Miti yake ilizaa vizuri mvua ikiwa nzuri. Lakini upepo mkavu wa kaskazini ulipokuja, majani ya juu yalijikunja kama karatasi ya sigara, na maji yote yalifika huko kwa kubebwa kichwani. Zaidi ya hayo, mlimani hapakuwa kwake. Bondeni ndipo alipokuwa amezeekea.

"Sasa utafanyaje?" Serwah aliuliza.

"Nitaupenda mlima," alisema Birago.

Akaanza kesho yake. Aliupalilia mlima mpaka panya akakosa pa kujificha. Alibeba maganda ya kakao yaliyooza, akayapandisha kama mbolea, akayamwaga mahali ambapo kila mpita njia angeyaona. Nana Nkuah alikuwa na kawaida ya kupanda njia hiyo na fimbo yake kwenda kukaa mwambani, na kila alipotokea, Birago alikuwa hapo akiimba. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nuru lakini masikio yake yalikuwa mazima, kwa hiyo aliimba kwa nguvu. Alitunga nyimbo za kuusifu mlima, mawe yake, upepo wake, hata siafu wake.

Siku moja mzee alisimama, akamwuliza kama hachoki na kupanda. Birago alimwambia kwamba hewa ya huko juu inamrudisha usichana. Mzee akauliza habari za bonde. Birago alishusha pumzi ndefu, akalalamika juu ya mbu, juu ya unyevu unaomwingia magotini, na zaidi ya yote juu ya kelele za kijito, ambacho alisema hakimpi usingizi. Kijito chenyewe kilikuwa na sauti ya mtu anayemeza uji, na bila sauti hiyo Birago hakuwahi kulala.

Nana Nkuah alitikisa kichwa polepole, akagonga fimbo chini, akaendelea kupanda kuelekea mwambani. Birago alimtazama kwa nyuma. Alikuwa amehesabu hivi: mzee akidhani mlima una utamu ambao hajauona, atautaka. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na kweli, tangu wiki hiyo mzee alianza kupanda mwambani mara nyingi zaidi, akikaa huko muda mrefu, akiangalia huku na huku kama mtu anayepima kwa macho. Birago aliporudi jioni alicheza peke yake kibandani, sufuria kichwani.

"Wewe unaigiza mchezo kwa mtazamaji mmoja," Serwah alimwambia, "tena haoni vizuri. Mwambie tu mzee unataka nini. Hajawahi kukunyima kitu."

Birago alisema kwamba kwenye ardhi hakuna mtu anayeambiwa ukweli. Kama angesema anataka bonde, hata malaika angeanza kujiuliza bondeni kuna nini. Serwah akamwambia basi aendelee, lakini asimwite siku atakapotakiwa kulilia mlimani. Jumapili iliyofuata Birago alisimama kanisani wakati wa shukrani, akamshukuru Mungu kwa milima yote aliyoiumba, na hasa mmoja. Kanisa lilicheka. Toka siku hiyo wakamwita Mama Mlima.

Siku ya kupima, Birago alivaa kitenge chake cha Pasaka na buti za mpira. Bwana Lartey, mpimaji, alikuja na wafanyakazi wawili na gari dogo lililolemewa na nguzo za zege. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia pana, na chombo chake kilikuwa fimbo ndefu yenye kitu kama uyoga mweupe juu. Aliisimika fimbo kwenye kona ya kwanza, akawaomba watu watulie, akaeleza kwamba uyoga ule unaongea na vyombo vilivyoko juu angani. Mzee wa kanisa, Mensah, alivua kofia. Walikuwapo karibu watu wote wa kitongoji, maana siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba ana shamba lake la kulima.

Waliuzunguka mpaka wa nje kwa msafara, Bwana Lartey mbele na uyoga wake, nyuma yake Nana Nkuah na fimbo yake, kisha Birago, kisha wengine wote na maoni yao. Kila kona ilipofika kulikuwa na mtu aliyejua kwamba kona ni hatua mbili mbele, na mwingine aliyejua ni hatua mbili nyuma, na wote wawili walitoa ushahidi wa watu waliokwisha kufa. Bwana Lartey alisubiri wamalize, akamwuliza Nana Nkuah, Nana akamwuliza Birago, Birago akaonyesha kwa buti, na nguzo ikasimikwa. Kwenye kona ya tatu mzee Mensah alisimama juu ya siafu akiwa anasimulia habari za baba yake. Simulizi ilikatika katikati, akaanza kuruka, na wanawake wakapiga makofi kumfuatishia mapigo mpaka akakimbilia nyuma ya mti na kuvua suruali. Alirudi amejifunga kitenge cha Serwah, akawa nacho mpaka jioni.

Kisha ukafika mstari wa katikati. Bwana Lartey alisema kwa ofisi yake jambo moja tu ni lazima: pande mbili ziwe sawa kwa ukubwa. Upite wapi, hilo ni la mama. Akashauri, kwa wema kabisa, kwamba wengi hukata kutoka juu kwenda chini, ili kila mmoja apate kidogo cha maji na kidogo cha mlima.

Watu wote walimgeukia Birago. Ulikuwa ushauri mzuri, na ndiyo maana ulimtisha.

"Mwanangu," alimwambia Bwana Lartey, "mstari huo utapita katikati ya jiko langu. Chungu kitakuwa kwa Nana na moto utakuwa kwangu. Nikitaka kula nimwombe ruhusa?"

Nana Nkuah alicheka mpaka akaegemea mti. Alisema yeye hana neno, ila chumvi iwe upande wake. Basi ikakubaliwa mstari upite kwa upana, juu mlima na chini bonde. Bwana Lartey aliinamia hesabu zake, akasogeza mstari kidogo juu, kidogo chini, mpaka pande zikalingana. Wafanyakazi wakafyeka njia nyembamba kati ya miti, wakasimika nguzo ya mwisho karibu na mti mkubwa wa msenefu uliokuwa katikati ya shamba. Mmoja wao akafungua kopo la rangi nyekundu. Ilibaki kuandika kwenye kila uso wa nguzo herufi ya mwenye upande huo.

Nana Nkuah alivua ndala, kama afanyavyo mtu anayezungumza na wazee walio chini ya udongo. Alimimina pombe kali kidogo kidogo ardhini, akawaita baba zake kwa majina, akawaita na ndugu wa Badu ingawa hakuwajua, akawaambia kazi imekwisha na leo anachagua. Birago alikuwa ameikumbatia chupa yake ya shukrani. Hiyo ndiyo inayofunga mambo: mwenye ardhi akishachagua, mwenzake humpa chupa hiyo, na akiipokea tu, hakuna mtu wala mahakama inayoweza kurudisha neno nyuma. Alikuwa ameuangalia uso wa mzee tangu asubuhi, na ulikuwa uso wa mtu aliyeamua.

"Mimi ni mzee," alisema Nana Nkuah, "lakini sijawa jiwe. Huyu mwanamke alimzika mume wake hapa, hakukimbia. Na miezi hii nimemsikia anavyoimba huko juu. Mtu haimbi hivyo kwa ajili ya kakao. Nikasema, ningekuwa na roho gani nikimnyang'anya mlima wake? Haki ya kuchagua ni yangu, nami nachagua bonde. Mlima ninamwachia Birago."

Watu walipiga vigelegele. Mfanyakazi wa rangi, aliyekuwa na haraka ya kumaliza, aliinama akachora N kubwa nyekundu kwenye uso wa nguzo unaotazama bondeni. Mzee Mensah, ndani ya kitenge, alianza wimbo. Nana Nkuah alinyoosha mikono miwili kupokea chupa.

Birago hakuitoa. Alitaka kuitoa, maana watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, lakini mikono ilikataa. Aliona kibanda chake kule chini kupitia majani, moshi wa jiko ukitoka, na kuku wake wakiparura mlangoni bila kujua kwamba wamekuwa wageni. Akatazama nyuso zile zenye furaha. Akasikia kitu kinampanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Alicheka kidogo, akakizuia, kikamtoka puani. Akacheka tena, akakaa chini na kitenge chake cha Pasaka juu ya udongo uliofukuliwa, amekumbatia chupa, machozi yakimtiririka.

"Furaha," alisema mzee Mensah, akiwaeleza wengine.

"Siyo furaha," alisema Serwah. "Mwambie, wewe. Mwambie kabla hujaiachia hiyo chupa."

Birago alivuta pumzi. "Nana, mimi mlima siutaki."

Bwana Lartey alishusha kalamu. Nana Nkuah aliinama kumtazama vizuri, mikono yake bado imenyooka.

"Na zile nyimbo?"

"Za uongo, Nana."

"Zote? Hata ile ya upepo?"

"Ile ya upepo ina ukweli kidogo."

"Na mbolea uliyobeba?"

"Nilibeba kweli, Nana. Mgongo unaniuma mpaka leo. Nilitaka uone mlima ni mtamu uuchague, ili mimi nibaki na bonde. Kibanda kiko huko. Vidole vya Badu viko ukutani."

Alieleza yote, mbu na kijito na usingizi na kanisa, akichekelea na kulia kwa pamoja, na alipofika kwenye kucheza na sufuria kichwani wanawake walianza kushikana mabega. Nana Nkuah peke yake hakucheka. Alijishusha polepole, akakaa juu ya mfuko wa saruji karibu yake, akaweka fimbo magotini.

"Unajua kwa nini napanda pale mwambani?" aliuliza.

Birago alisema alidhani anapima mlima kwa macho.

"Napima nini, na macho haya? Nakwenda kumpigia simu Ekyaa." Ekyaa alikuwa binti yake, muuguzi Takoradi. "Pale tu ndipo sauti yake haikatiki. Nikishuka hatua tatu inakuwa kama yuko ndani ya pipa. Siku nilipoamua kukuachia mlima nilimwambia, mwanangu, tutasikilizana kwa shida, lakini kuna mwanamke anaupenda mlima huu kuliko mimi ninavyopenda simu. Ndiyo maana wiki hizi nilikuwa nakwenda sana. Nilikuwa naaga."

Birago alimtazama. Mzee naye akamtazama. Kitu kikatetemeka kwenye ndevu za mzee, mabega yakaanza, na kabla hajasema neno lingine alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyebakiwa na meno machache na asiyejali nani anayaona. Birago alimshika mkono, na wote wawili walitikisika juu ya mfuko ule mpaka saruji ikaanza kutoka vumbi pembeni. Kitongoji kizima kililegea. Bwana Lartey alivua kofia, akajipepea, akamwuliza Serwah kwa sauti ndogo kama chupa ilikuwa imetolewa. Serwah alimwambia bado. Basi, alisema Bwana Lartey, kwa ofisi yake hakuna kilichoharibika isipokuwa rangi.

Lakini wazee walio chini walikuwa wamekwisha kuambiwa. Hilo halikuwa la kupuuzwa, na mzee Mensah alikuwa wa kwanza kulisema. Nana Nkuah alisimama tena, akavua ndala tena, akamimina tena, akawaambia baba zake wayasahau maneno ya kwanza, kwamba yule aliyekuwa ameimba hakuwa anaimba, na yule aliyekuwa anaona hakuwa anaona, na kwamba sasa anachagua kwa akili zake: mlima ni wake, bonde ni la Birago. Safari hii chupa ya shukrani ilitoka mikononi mwa Birago haraka mno hata nusura impige mzee kifuani. Aliipokea. Watu wakashangilia mara ya pili, kwa nguvu zaidi kuliko ya kwanza, kama watu waliolipwa deni ambalo hawakulidai.

Mfanyakazi wa rangi alichuma jani la kakao, akaifuta N kabla haijakauka. Haikutoka yote. Akaandika B juu ya doa lile.

Ilibaki faini. Aliyewafanya wazee waambiwe uongo lazima awape damu ya kuku, na Birago hakubisha. Alikwenda kibandani kumkamata yule mwekundu mnene, lakini kuku, ambaye alikuwa na akili kuliko mpango wote wa miezi ile, alipenya kati ya miguu ya mzee Mensah, akavuka mstari mpya, akapanda mlimani. Vijana waliposimama kumfuata, Nana Nkuah aliinua fimbo.

"Ngojeni kwanza. Huyo yuko kwangu sasa."

"Nana, huyo ni kuku wangu," alisema Birago.

"Nguzo hiyo hapo, mbichi kabisa. Mwulize Bwana Lartey."

Bwana Lartey alisema kwa uzito wote wa ofisi yake kwamba alikuja kupima ardhi, si kuku. Mwishowe alichinjwa jogoo wa Serwah, ambaye hakuwa na hatia yoyote, na Serwah alilizungumzia jambo hilo mpaka msimu wa mavuno. Mwekundu alishuka mwenyewe jioni, akalala mahali pake.

Nana Nkuah aliongeza adhabu yake mwenyewe, nje ya desturi. Alhamisi ni siku ambayo ardhi ya kule hupumzika na hakuna anayeingiza panga shambani. Kila Alhamisi, alisema, Birago apande mwambani wakati anaongea na Ekyaa, na nyimbo alizoziimba kwa uongo aziimbe kwa kweli, maana binti huko Takoradi amesimuliwa habari zake na hataki kukata simu bila kuzisikia.

Kwa hiyo Birago hupanda. Hulalamika juu ya magoti njia nzima, hukaa upande wa mwamba wenye kivuli, humsubiri mzee amalize kuulizia afya za wajukuu mmoja mmoja, kisha husogezewa simu na kuimba. Ile ya upepo ndiyo huombwa zaidi. Akimaliza huteremka, huvuka mstari, hupitisha kiganja juu ya nguzo yenye doa jekundu, na hurudi kulala kando ya kijito chake kinachomeza uji. Hati yenye jina lake lote ameitundika ukutani karibu na mlango, juu kidogo ya alama za vidole. Na kitongoji kizima, mpaka leo, humwita Mama Mlima.